Kisima tumepata, mbona watoto bado hawakui?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji cha wafugaji wilayani Longido. Miaka miwili iliyopita shirika moja lilituchimbia kisima kirefu chenye pampu ya sola. Kabla ya hapo akina mama walichota maji lamboni, na kiangazi kikikaza walichimba visima vifupi korongoni. Tulitegemea watoto wataacha kuharisha na watanawiri, lakini kuharisha kupo palepale. Mtoto wa jirani yangu alizaliwa mwezi ule kisima kinazinduliwa. Sasa ana miaka miwili na ukimwona utadhani ana mwaka mmoja. Tena watoto wa darasa la kwanza na la pili wana meno yenye madoa ya kahawia. Wazee wanasema ni maji ya kisima hicho, afadhali turudi lamboni. Wengine wanasema Wamaasai ndivyo tulivyo, wembamba wa asili. Shirika limerudi na linauliza tunataka nini sasa: kisima cha pili, unga wa lishe, au bustani za mboga. Tuwajibu nini? Na je, tukichemsha maji, hiyo kitu ya meno inaondoka?"

Marahaba, mwalimu, na poleni. Nianze na swali lako la mwisho, maana jibu lake ni fupi na huenda kuna mama anamaliza kuni leo hii kwa ajili hiyo: haiondoki. Kuchemsha kunaua vijidudu. Kinachotia meno madoa ni madini ya floraidi, na hayo moto hayaogopi. Maji yakichemka yanapungua sufuriani huku floraidi ikibaki yote, kwa hiyo kila kikombe kinakuwa na floraidi nyingi kidogo kuliko mwanzo. Chujio la udongo haliiondoi, klorini haiiondoi, na kuanika maji juani hakuiondoi.

Sasa tufungue mzigo wenyewe. Mna matatizo matatu, meno, kuharisha na ukuaji, na kwa kuwa yote yanagusa maji mmeyafunga kamba moja mkamtwika kisima. Ni rahisi kukosea hapo. Kila moja lina chanzo chake, na fedha za shirika zikielekezwa kwa lisilohusika mtajikuta mwakani mnauliza swali hilihili.

Kwenye meno wazee wana hoja, ila tarehe zinawakatalia. Jino la mbele la ukubwani, lile linalochomoza mtoto akiwa na miaka sita au saba, halikutengenezwa mwaka huo. Ganda lake gumu la nje lilijengwa ndani ya ufizi kuanzia mtoto akiwa mchanga hadi alipofika miaka minne au mitano. Floraidi ikizidi katika kipindi hicho, ganda linajengeka likiwa na vitundu visivyoonekana kwa macho. Jino likitoka linakuwa na weupe wa chaki, kisha linanyonya rangi taratibu na kuwa kahawia. Piga hesabu wewe mwenyewe: mwanafunzi wako wa darasa la pili ana miaka minane. Meno yake ya mbele yalikuwa yamekwisha kujengwa kabla gari la kuchimba kisima halijaingia kijijini. Floraidi iliyoyaharibu ilitoka kwingine, na mimi ningeanza kwa kuvishuku vile visima vya korongoni na magadi.

Ndiyo, magadi. Yale yanayotiwa kwenye maharage na makande ili yaive haraka. Kaskazini mwa Tanzania kuna magadi yenye floraidi nyingi, na wapo watoto wenye meno ya kahawia katika maeneo ambayo maji yake hayana shida kubwa. Kama kuna mama anayetia magadi kwenye chakula cha mtoto mdogo, mwambieni aache. Maharage yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, yapikwe kwa maji mapya. Kuni zitatumika zaidi, sikatai, lakini hiyo ni hatua ya kuanza nayo kesho na haihitaji mfadhili.

Hilo halikiachii kisima chenu huru. Mko kaskazini mwa Mlima Meru na kaskazini-magharibi mwa Kilimanjaro, na Bonde la Ufa liko magharibi yenu. Maji ya mvua yanayozama kwenye majivu na miamba ya volkano na kukaa humo miaka mingi huyeyusha floraidi, na kisima kirefu huvuta maji ya namna hiyo. Kama kisima chenu kina floraidi nyingi, madoa yake hamjayaona bado. Yatatokea miaka minne au mitano ijayo, kwenye vinywa vya watoto ambao sasa wako mgongoni. Ndiyo maana lazima mpime sasa.

Cheti cha kupimwa maji lazima kilitolewa wakati wa uchimbaji. Usikubali kuonyeshwa muhuri wa "yanafaa kwa matumizi" peke yake, omba namba. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na hicho ndicho kiwango cha Tanzania pia siku hizi, lakini kwa miaka mingi nchi ilivumilia hadi miligramu 4. Kwa hiyo maji yanaweza kuwa "yanafaa" kwenye makaratasi ya mtu fulani na bado yakaharibu meno ya watoto. Kama cheti hakipo, ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, itawaelekeza kwenye maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji. Mwombeni mtaalamu apime sampuli ya bombani kwa floraidi na kwa vijidudu, na sampuli nyingine za vijidudu kutoka kwenye ndoo za nyumbani. Hizo za nyumbani usizisahau, nitaeleza kwa nini.

Namba ikiwa chini ya 1.5, meno mmeyamaliza, geukieni mengine. Ikiwa kati ya hapo na 4, shida ni meno na sura, na mtoto anayechekwa kwa meno yake si jambo dogo, lakini hakuna haja ya kufunga kisima. Ikipanda zaidi, na hasa ikikaribia 10, baada ya miaka mingi floraidi hujikusanya kwenye mifupa. Migongo inakakamaa, magoti yanauma, miguu ya watoto inapinda. Hapo maji yale yasinywewe wala yasipikiwe, hata kama yanang'aa.

Kuna njia ya kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa inachomwa kwenye tanuri maalumu, inasagwa na kupangwa kwenye chujio. Kituo cha Ngurdoto, karibu na Arusha, kimefanya utafiti wa kazi hiyo kwa miongo mingi, na inafanya kazi kweli. Nawatahadharisha kwa mambo mawili. Mifupa iliyochomwa vibaya huyapa maji harufu ambayo mama atayamwaga kabla hajayaonja, kwa hiyo msijaribu kuchoma wenyewe bomani. La pili, mkaa huo hushiba. Baada ya muda unaacha kunasa floraidi, na maji yanayotoka hayabadiliki ladha wala rangi, hivyo hakuna anayejua. Chujio lisilo na mtu wa kubadilisha mkaa na kupima ni pambo tu la ukutani.

Kwa kijiji kama chenu mimi napendelea maji ya aina mbili. Ya kisima yafue nguo, yaogeshe, yaoshe vyombo, yanyweshe ndama. Ya mvua, ambayo yana floraidi kidogo sana, yawe ya kunywa na kupikia uji wa watoto walio chini ya miaka minane. Nyumba za boma haziwezi kuvuna mvua, paa la samadi na nyasi halifai, lakini shule yako ina bati. Kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita 8 kwa 20, mwaka mbaya wa milimita 400, ukitoa kinachopotea, ni zaidi ya lita 50,000. Wanafunzi 200 wakinywa lita moja kila siku, hayo ni maji ya siku 250. Shida ni kwamba mvua yenu huja kwa kishindo, masika na vuli, kisha inapotea, kwa hiyo gharama kubwa ni tangi la kuyahifadhi. Zahanati nayo ina bati, na kanisa pia. Akina mama wenye watoto wachanga wanaweza kupewa dumu moja la mvua kila siku mbili, kwa orodha, na ufunguo wa bomba ukae kwa mtu asiyeogopa wakubwa.

Kuhusu kurudi lamboni: hapana. Waambie wazee kwa heshima kwamba huenda lambo kweli lina floraidi kidogo, maana ni maji ya mvua, lakini ng'ombe wanaingia humo hadi tumbo na wanachoacha humo ndicho mtoto anachokunywa. Kuharisha kunaua mtoto ndani ya siku mbili. Floraidi haifanyi hivyo.

Tuje kwenye kuharisha. Nenda kituo cha maji asubuhi, omba dumu moja la njano, ingiza kidole mdomoni mwake na upapase ukuta wa ndani. Ukikuta utelezi, hao ni vijidudu waliojijengea makao. Maji yametoka bombani safi, yameingia kwenye dumu hilo, yamepanda punda, yamefika nyumbani, yamemiminwa kwenye ndoo isiyo na mfuniko, na humo linachovya kopo ambalo mtoto aliliokota chini kwenye samadi ya mbuzi. Ndiyo sababu nimekuambia mpime ndoo za nyumbani. Mara nyingi bomba linapata alama zote na ndoo inafeli. Dawa yake ni changarawe ndogo na sabuni ndani ya dumu, kutikisa mpaka utelezi utoke, mara moja kila wiki. Ndoo yenye mfuniko na koki. Na klorini ya kutia nyumbani kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kisha kusubiri dakika 30. Maji ya kisima hayana tope, kwa hiyo klorini itafanya kazi vizuri kuliko ingefanya lamboni. Watu watalalamikia harufu. Yakiachwa kidogo ndani ya kibuyu kilichofukizwa kwa oloirien, ule mzeituni wa porini, harufu inapungua na bibi anakunywa, ila kibuyu hicho nacho kisuguliwe na kukaushwa vizuri.

Ukiwa hapohapo kituoni, hesabu madumu. Mama mwenye familia ya watu wanane akiondoka na madumu manne ya lita 20, kila mtu amepata lita 10. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ililenga lita 25 kwa mtu kwa siku, zichotwe ndani ya mita 400 kutoka nyumbani. Maji yakiwa machache, hakuna anayeacha kunywa wala kupika. Kinachoachwa ni kunawa mikono baada ya kumsafisha mtoto, na kuosha bakuli la uji la jana. Kwa hiyo inawezekana kabisa maji yenu ni salama na bado watoto wanaharisha kwa sababu tu hayatoshi kunawia. Waulize wanaokaa mbali wanatumia saa ngapi kwenda, kusimama foleni na kurudi. Nitashangaa wakikuambia chini ya saa mbili.

Sasa mtoto wa jirani yako. Usishangae kwamba kisima hakikumkuza. Majaribio makubwa yamefanywa kuhusu jambo hili: nchini Kenya, katika kaunti za Bungoma, Kakamega na Vihiga, na kule Bangladesh, matokeo yakatoka mwaka 2018; kisha Zimbabwe, mwaka 2019. Familia za vijijini zilipewa klorini, vyoo bora na vifaa vya kunawia, na watoto wao hawakurefuka kuliko wa familia ambazo hazikupewa. Waliorefuka, tena kidogo, ni wale ambao mama zao walishauriwa namna ya kulisha na watoto wakapewa kila siku kipakiti cha chakula chenye mafuta, vitamini na madini. Zimbabwe, udumavu ulikuwa asilimia 27 kwa waliopata chakula hicho, na 35 kwa wasiokipata. Kuhusu kuharisha, Bangladesh kulipungua, Kenya na Zimbabwe hakukupungua.

Wapo waliosoma matokeo hayo wakasema maji hayana maana. Mimi siwaungi mkono. Majaribio yale hayakuwapelekea watu bomba mlangoni. Mama aliendelea kutembea na kubeba. Ninachosoma mimi ni kwamba hatua ndogondogo za usafi hazitoshi, na kwamba hata maji mazuri hayawezi kukaa mahali pa chakula.

Utumbo wa mtoto ndiyo mahali maji na chakula vinakutana. Ukuta wake wa ndani una vinyweleo vingi vidogo, kama taulo jipya, na humo ndimo chakula kinafyonzwa. Mtoto anayemeza uchafu kila siku, hata bila kuharisha, vinyweleo hivyo vinalala na ukuta unaanza kuvuja. Mwili unatumia nguvu kupigana na kinachovuja badala ya kujenga mfupa, na chakula kidogo alichokula kinafyonzwa nusunusu. Ukimpa chakula bila usafi, kinapotea njiani. Ukimpa usafi bila chakula, hakuna cha kufyonza. Nyumba ambamo ndama na wana-mbuzi wanalala pembeni ya mtoto inahitaji vyote viwili.

Na hapo niondoe hili la "asili". Chati ya ukuaji iliyo kwenye kadi ya kliniki ilitengenezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006 kwa kupima watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Wakilishwa vizuri na kukingwa maradhi, watoto wa nchi hizo zote walikua karibu sawa hadi miaka mitano. Kuna ukweli mdogo katika maneno ya wazee: watoto wa wafugaji wengi wana miguu mirefu, na ukilinganisha uzito na urefu wanaonekana wakondefu kuliko walivyo. Lakini mtoto wa miaka miwili mwenye kimo cha mwaka mmoja hajarithi wembamba. Amedumaa. Na tusidhani ni aibu ya Wamaasai peke yao. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa.

Ningekuwa kijijini kwenu, kabla ya kuuliza habari za unga ningeuliza habari za maziwa. Kiangazi ng'ombe wanakwenda ronjo, kambi za malisho za mbali, pamoja na vijana, na maziwa yanakwenda nao. Nyumbani anabaki mama, watoto wadogo, na mbuzi wachache ambao nao wamekauka. Chakula cha mtoto kinageuka ugali na chai ya rangi yenye sukari. Chai inamjaza tumbo, na kile kidogo cha madini ya chuma kilichomo kwenye chakula inakizuia kufyonzwa. Loshoro, kile chakula cha mahindi na mtindi, masika ina mtindi wenyewe, kiangazi ni mahindi matupu. Ukame wa 2021 na 2022 ulipoua ng'ombe kwa maelfu kwenu na Simanjiro, nyumba nyingi zilibaki hivyo mwaka mzima.

Huko nyuma kidogo, katika jimbo la Somali nchini Ethiopia, Save the Children na Chuo Kikuu cha Tufts walijaribu jambo ambalo mfugaji yeyote angelielewa bila semina: kuwalisha kiangazi mifugo wachache wanaonyonyesha, wabaki karibu na nyumbani, ili watoto wapate maziwa. Watoto wa vijiji hivyo hawakukonda kiangazi kama wenzao walivyokonda. Ninyi tayari mna alalili, malisho ya ndama yanayofungwa hadi kiangazi. Mzungumze na malaigwanani, viongozi wenu wa mila, kama inawezekana kuipanua, na kila boma lenye mtoto chini ya miaka miwili libakiwe na mbuzi wawili watatu wa maziwa, walishwe nyasi zilizokatwa masika na wanywe maji ya kisima. Kisima sasa kinafanya jambo hilo liwezekane, zamani haikuwezekana. Kama shirika linataka kununua kitu, linunue nyasi na mashudu.

Mtoto aliye chini ya miezi sita ni maziwa ya mama pekee, bila samli, bila maji, bila maziwa ya ng'ombe. Akifika miezi sita aanze uji mzito usiomwagika kijiko kikiinamishwa, uliopikwa kwa maziwa, na kijiko cha samli. Apate mlo mara mbili au tatu kwa siku, kisha mara tatu au nne akitimiza miezi tisa, pamoja na maharage yaliyopondwa, yai, na nyama iliyokatwa vidogo sana au maini siku mkichinja. Maziwa ya wanyama yachemshwe. Dagaa ni chakula kizuri sana, lakini najua akina mama wengi huko hawavumilii hata harufu yake, basi usigombane nao, yai linatosha.

Nigusie jambo moja linalotaka staha. Mama wengi wa Kimaasai hupunguza chakula miezi ya mwisho ya ujauzito ili mtoto awe mdogo na azaliwe kwa urahisi. Usiwaite wajinga. Mtu anayeishi saa nyingi kutoka hospitali yenye chumba cha upasuaji ana sababu ya kuogopa mtoto mkubwa. Lakini kudumaa kunaanzia humo tumboni. Koko, yaani bibi wa boma, ndiye wa kuzungumza naye, na mazungumzo yaanze na gari: nani atampeleka mama hospitali uchungu ukichelewa, simu ya nani, mafuta ya nani. Mkishajibu hayo, suala la chakula litakuwa jepesi.

Haya, shirika mlijibu hivi. Msiombe kisima cha pili kabla ya majibu ya maabara na kabla ya kujua kisima cha sasa kinatoa lita ngapi kwa saa. Namba hiyo iko kwenye ripoti ya uchimbaji. Kikiwa na maji ya kutosha na floraidi iko chini, ombeni bomba lisogezwe kwenye maboma ya mbali, mbauti, yaani mabirika ya kunyweshea mifugo, zihamishwe mbali na bomba la watu, na chombo chenu cha watumiaji maji kifundishwe kutunza fedha ya vipuri. Floraidi ikiwa juu, ombeni tangi la mvua shuleni na zahanati. Unga wa lishe wa kuchanganya nafaka saba siupendi. Mahindi na karanga visipokaushwa vizuri vinabeba sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na kuchanganya vitu vingi hakuviongezi ubora. Bustani ni nzuri kwa atakayebaki kuimwagilia. Mbuzi hawasomi mabango, na mama aliyetumia saa mbili nzima kuchota maji hana saa ya tatu ya mchicha. Labda moja ya shule, penye uzio na maji yanayomwagika bombani.

Mtoto wa jirani asisubiri lolote kati ya haya. Aende zahanati wiki hii, au mhudumu wa afya ya jamii aje na utepe wa kupimia mkono. Chini ya sentimita 11.5, rangi nyekundu, anahitaji chakula dawa na uangalizi wa wataalamu, hata kama anacheza. Kati ya 11.5 na 12.5 aandikishwe kwa ufuatiliaji. Akiwa kijani lakini mfupi, mwombeni afisa lishe wa wilaya amwone, na apimwe upungufu wa damu na minyoo. Mbonyeze kwa kidole gumba juu ya mgongo wa nyayo zote mbili: shimo likibaki, apelekwe siku hiyohiyo, utepe useme usemavyo. Akiharisha apewe ORS na zinki, na aendelee kunyonya na kula. Macho yakidumbukia, kinyesi kikiwa na damu, akishindwa kunywa, au kuharisha kukipita siku 14, msilale naye nyumbani. Na kama kuna mtoto mwenye miguu inayopinda, au mtu mzima asiyeweza kuinama wala kugeuza shingo, huyo apelekwe hospitali apigwe picha ya mifupa, akiwa na karatasi ya majibu ya maji mkononi, kwa sababu daktari asiyetoka maeneo yenu anaweza asifikirie floraidi.